Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu: tableti ya mwanangu si simu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo, Kampala;
Kwa wakuu wa Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala, Kyambogo;
Nakala kwa Afisa Elimu, Jiji la Jinja.

Waheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Walukuba, hapa Jinja. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya mtaa wetu tangu enzi za viwanda, wazee wetu walipokuja kutoka kila upande kutafuta kazi na wakahitaji lugha ya kuelewana. Tena Baraza la Mawaziri lilikubali mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili ni lugha rasmi na kifundishwe shuleni, kwa hiyo sitarajii barua hii irudishwe kwa sababu ya lugha.

Mimi ni fundi cherehani. Nina watoto watatu, na wa kati, mvulana wa miaka tisa, ana usonji, au autism kwa Kiingereza. Nilimpa jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumbani namwita Baba, na humu nitamwita hivyo hivyo. Baba hasemi. Masikio yake ni mazima na akili anayo: mlio wa boda boda ya mjomba wake anautambua ikiwa bado kona ya pili, na vifungo vyangu vya dukani anavipanga kwa rangi na kwa ukubwa, ukificha kimoja anakitafuta mpaka kipatikane. Maneno tu ndiyo hayatoki kinywani.

Muhula uliopita shule yake ilimchukulia kishikwambi, au tableti kama tunavyosema huku, ikakifungia kabatini siku kumi na moja. Sheria ya shule inasema hakuna simu. Sina ugomvi na sheria hiyo. Dada yake yuko sekondari na mimi mwenyewe humnyang'anya simu saa mbili usiku. Lakini Baba hakuwa na simu. Alikuwa na kitu anachosemea. Kwa siku kumi na moja alikaa darasani bila njia ya kuomba maji wala ruhusa ya kwenda chooni, na siku ya nne alijikojolea, wenzake wakacheka, akaanza kujipiga kichwani. Nilipoitwa, niliambiwa mtoto amekuwa mkorofi.

Mwalimu wake simlaumu sana. Ana watoto tisini na wanne katika chumba kimoja cha P.2, yaani darasa la pili la msingi. Aliona mtoto mmoja ana skrini na tisini na watatu wanaikodolea macho. Hakuna karatasi hata moja aliyopewa inayomweleza kuwa kitu kile ni sawa na miwani au magongo. Mtoto mwenye miwani haambiwi aiache getini kwa askari. Karatasi hiyo ndiyo ninayoiomba kwenu, na mengine nitakayosema yanaifuata nyuma.

Kwanza niwaeleze tulikotoka. Alipokuwa na miaka mitatu nilizungushwa sana. Kliniki ya kwanza ilisema ni masikio, yakasafishwa. Ya pili ilisema atasema tu, wavulana huchelewa. Shangazi yangu akaleta mtu wa dua, jirani akaleta mtu wa mizizi, nami nikawalipa wote wawili. Neno usonji nililisikia katika hospitali moja kubwa ya Kampala, baada ya kuamka saa kumi usiku, kupanda taxi ya kwanza na kusubiri kwenye benchi hadi jioni. Daktari alikuwa na dakika chache. Akaandika lile neno kwenye karatasi, akasema tumzoee. Nilirudi Jinja nimelishika kama risiti ya kitu ambacho sijui nimenunua nini.

Skrini niliingia nayo kwa kosa, nakiri. Nikiwa na nguo za watu za kumaliza, nilimpa simu yenye katuni ili atulie, na alitulia kweli. Ila nikiichukua, mtaa mzima ulisikia. Ikawa hivyo karibu miaka miwili. Siku moja akaja mwalimu mstaafu kushonewa gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, mwanamke aliyesomea elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu Chuo Kikuu cha Kyambogo. Alikaa akamtazama Baba muda mrefu, akaniuliza: "Akitaka maji, anakwambiaje?" Nikamjibu kwamba ananivuta mkono hadi kwenye jagi. Akasema, basi ana la kusema, amekosa chombo tu. Gomesi ile sikumtoza.

Tulianza na karatasi. Alinifundisha kukata picha, kuzibandika kwenye kipande cha boksi na kuzifunika kwa plastiki: jagi, posho (ugali), choo, kitanda. Mtoto anatoa picha ya anachotaka, anamkabidhi mtu, anapewa. Njia hii si ya jana. Andy Bondy na Lori Frost waliianzisha Delaware, Marekani, mwaka 1985, na inatumika hadi leo. Shida ya karatasi ni kwamba maneno yakifika mia, mtoto anabeba mzigo, na hakuna anayemsikia mpaka amtazame. Tableti inazibeba zote na inatoa sauti. Mtu aliye na mgongo wake kwako anageuka.

Ile ya kwetu ni ya mitumba, nilinunua Kampala kwa shilingi 260,000, na kioo kimepasuka pembeni. Programu inayosifiwa sana duniani ni Proloquo2Go, iliyotoka mwaka 2009. Inauzwa karibu dola 250 na inataka vifaa vya Apple. Hiyo niliiacha kwa wenyewe. Tunatumia programu ya bure na picha za bure za ARASAAC, ambazo ni za serikali ya Aragon, jimbo moja la Hispania: zaidi ya picha elfu kumi, zimechorwa kwa gharama ya umma na kuachwa wazi kwa yeyote asiyezifanyia biashara. Nawatajia hilo makusudi. Ni serikali ya jimbo, wala si kampuni kubwa, na fundi cherehani wa Walukuba anakula matunda yake.

Sasa namna inavyofanya kazi, kwa kuwa naona wengi hudhani unampa mtoto kifaa naye anaanza kuongea. Skrini imegawanywa visanduku, kila kimoja kina picha na neno. Ukikibonyeza, sauti inatoka. Tumeifunga isitoke kwenye programu hiyo, hakuna katuni humo, hakuna mchezo. Na visanduku havihamishwi ovyo, maana mkono unakariri mahali kama mimi ninavyokariri vitufe vya cherehani bila kutazama. Kwa miezi mitano Baba hakubonyeza chochote. Niliyekuwa nabonyeza ni mimi, huku nasema: maji, njoo, kula, tena, basi. Jaja yake, yaani bibi yake, aliona nimechanganyikiwa, naongea na kioo. Lakini mtoto mchanga husikia maneno mwaka mzima na zaidi kabla hajasema lake la kwanza, na hatumwambii ameshindwa mtihani.

Neno la kwanza la Baba lilikuwa "basi". Alilisema kwa kinyozi. Tangu utoto wake, kumnyoa kulihitaji watu wazima watatu wa kumshika, kwa kuwa mlio wa mashine humchoma masikioni. Siku hiyo mashine ilipoanza kulia akanyoosha mkono kwenye tableti iliyokuwa mapajani mwangu, akabonyeza BASI. Kinyozi akazima. Hatukujua la kufanya, sote tulikuwa tunatazamana. Tukarudi nyumbani nusu ya kichwa imenyolewa, na alitembea hivyo wiki nzima. Majirani walicheka, nami nikawaacha wacheke. Alikuwa amesema neno na watu wamelitii, sikutaka kumfundisha kwamba halina kazi. Wiki iliyofuata alikaa mwenyewe kwenye kiti, akasema basi mara nne, mara nne kinyozi akapumzika, na kichwa kikaisha.

Hapa ndipo nawageukia ninyi wa Kituo cha Mitaala. Programu hizi zimefumwa kwa Kiingereza, lugha ambayo maneno yake yanasimama moja moja kama shanga. Mtoto anabonyeza mimi, kisha taka, kisha maji. Sisi maneno yetu yameshikana. Nataka ni neno moja, sitaki ni jingine, na kinachowatofautisha kiko mwanzoni mwa neno lenyewe. Kiganda ni vile vile: njagala, saagala. Tulipotafsiri visanduku kimoja kimoja, mwanangu akaanza kusema "mimi taka maji", Kiswahili cha mzungu wa shamba akimwita mpishi wake enzi zile. Dada yake alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilicheka kidogo, halafu nikaona si mchezo, maana namfundisha mtoto lugha ambayo hakuna mtu anayeisema.

Tukabomoa yote. Sasa visanduku vina maneno mazima: nataka, sitaki, nipe, njoo, tena, bado, wapi, inauma, nimechoka. Tukaondoa picha ya theluji na ya pizza, nikapiga picha za posho, za rolex, chapati ya kuviringishwa na mayai, ya pale kituoni, za jagi letu la manjano na za boda ya mjomba. Kwa Kiswahili kuna sauti ya Google iliyo tayari, inayoeleweka ingawa ina Ukenya kidogo. Kwa Kisoga, ambacho ndicho anachozungumza jaja yake, hatukupata sauti yoyote, nikarekodi mwenyewe. Mvulana wa miaka tisa akawa anaongea kwa sauti ya mwanamke wa miaka arobaini, mpaka binamu yake alipokubali kurekodi upya kwa malipo ya chapati.

Kazi hiyo ilinichukua miezi, na nina hakika nimekosea mahali pengi. Kupanga maneno ya mtoto asiyesema kwa Kisoga, Kiacholi, Kilugbara au Kinyankole ni kazi ya wataalamu wa lugha na walimu wa mahitaji maalumu wakikaa meza moja. Ninyi mnao. Mtaala wenu wenyewe, tangu mwaka 2007, unasema mtoto wa P.1 hadi P.3 afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Asiyesema naye yumo katika mtaala huo. Chuo Kikuu cha Makerere wamekusanya mamia ya saa za sauti za Kiganda zilizotolewa na wananchi kwa kujitolea, ili kompyuta zijifunze lugha hiyo. Malighafi iko nyumbani. Tengenezeni ubao mmoja wa maneno kwa kila lugha kubwa ya shule, uwe wa karatasi na uwe wa tableti, uachwe bure kama Aragon walivyoacha picha zao. Wa karatasi msiudharau. Sisi tunaishi karibu na bwawa linalotoa umeme tangu mwaka 1954, na bado Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ukiisha usiku wa Jumapili, Baba anaenda shule Jumatatu na boksi lake la zamani lenye picha.

Najua swali linalofuata kwa kuwa nimeulizwa na kila mtu, hata na mchungaji: kifaa hakitamfanya mtoto azembee kusema kwa mdomo? Niliogopa hivyo pia. Lakini watafiti wa Marekani walipopitia mwaka 2006 tafiti zilizofanywa kwa uangalifu, walikuta watu 27 wenye matatizo ya kusema waliofuatiliwa vizuri: asilimia 89 waliongeza usemi wa mdomo baada ya kupewa njia nyingine ya kuwasiliana, waliobaki hawakubadilika, na hakuna hata mmoja aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo. Mwaka 2014 Connie Kasari wa chuo kikuu cha UCLA na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watoto 61 wenye usonji, wa miaka mitano hadi minane, waliokuwa na maneno machache mno. Wote walifundishwa kwa mchezo na mazungumzo. Wale ambao tangu mwanzo waliongezewa kifaa cha kutoa sauti walisonga mbele zaidi katika kusema bila kuombwa. Tazameni vizuri hapo: kifaa kiliongezwa juu ya mafunzo. Hakuna aliyepewa kifaa akaachwa nacho.

Hilo ndilo linanitia hofu nikiwaza barua hii inaweza kuwafikia watu wa manunuzi. Tafadhali msitangaze zabuni ya tableti elfu hamsini. Wakati wa korona, shule zetu zilipofungwa, kabisa au kwa sehemu, tangu Machi 2020 hadi Januari 2022, tuliahidiwa redio ili watoto wasomee nyumbani. Kwetu tulisubiri mpaka shule zikafunguliwa. Na tableti zikifika bila mwalimu anayejua kubonyeza pamoja na mtoto, zitawekwa stoo na kufuli, zitolewe siku ya mgeni rasmi. Afadhali shule kumi zenye mwalimu mmoja aliyefundishwa vizuri, ubao wa karatasi ukutani na tableti tatu zinazotumika mpaka herufi zifutike.

Jambo la kodi lina utata wake. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya mwaka 2004, inasamehe ushuru vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu, na vile vya kuwaelimisha vinavyoingizwa na shirika lililokubaliwa na serikali. Tableti haikutengenezwa mahsusi kwa mlemavu yeyote, na mimi si shirika. Mzazi anayenunua dukani hana mlango pale. Sisemi kila mwenye tableti adai msamaha. Wajanja wa Kampala wangekuwa na watoto wenye usonji kesho asubuhi wote. Nasema barua ya mwalimu wa mahitaji maalumu au ya daktari iweze kuthibitisha, na Wizara yenu izungumze na wenzenu wa Fedha. Vilevile bando: tangu Julai 2021 data inatozwa asilimia 12 juu ya kodi nyingine, na kupakua sauti moja ya Kiswahili kulinigharimu pesa ya sukari ya siku mbili.

Tuko wangapi? Mwaka 2014 Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walichapisha uchunguzi wa Kampala na Wakiso, watoto zaidi ya 1,100 wa miaka miwili hadi tisa. Hesabu yao ilikuwa karibu watoto 7 wenye usonji katika kila 1,000. Shule ya mwanangu ina watoto zaidi ya elfu moja mia mbili. Kwa hesabu hiyo wangekuwepo wanane au zaidi. Namjua mmoja, wa kwangu. Wawili wengine nawajua kwa sababu mama zao huja kushona, na watoto hao hawajawahi kuvaa sare. Mmoja hufungwa kamba kiunoni mama yake akienda sokoni, ili asitoke barabarani. Huyo mama si katili, ningependa mlijue hilo kabla ya kumhukumu.

Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha pili kinahesabu njia mbadala za kuwasiliana kuwa ni mawasiliano kamili. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 inakataza shule kumbagua mtoto. UNEB, baraza letu la mitihani, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada, na asiyeona hupata karatasi ya nukta nundu, maandishi ya kusoma kwa vidole. Kwa hiyo hakuna jipya ninaloomba. Asiyesema ndiye aliyesahaulika, nadhani kwa sababu hapigi kelele za kueleweka. PLE ya Baba, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, iko mbali na sijui kama atafika, lakini UNEB nao waanze kuwaza atajibu kwa kutumia nini.

Karatasi yenyewe haizidi mistari sita. Iseme kwamba kifaa cha kuwasiliania cha mtoto asiyesema si simu. Kwamba kinaingia darasani, kinakwenda uwanjani na hadi mlangoni mwa choo. Kwamba hakichukuliwi kwa adhabu hata mtoto akikosea, kama tusivyomfunga mdomo mtoto anayesema. Na kwamba kikiharibika au kikizima, mwalimu ana ubao wa karatasi karibu. Chini yake iwe na muhuri, kwa maana nchi hii naijua.

Mwalimu wa P.2 nimeshaongea naye. Nilimpelekea picha tatu za kubandika mezani kwake, na siku ya mwisho ya muhula alinipigia kuniambia kwamba wakati wa uji Baba ameonyesha picha ya TENA. Akasema kwa sauti ya mtu anayeungama kwamba hakujua kuwa mtoto huwa hashibi. Mwalimu mkuu yeye anasubiri maagizo kutoka juu, na ni haki yake kusubiri.

Muhula wa tatu unafunguliwa Septemba. Siku hiyo nitakuwa getini saa moja asubuhi, Baba kwa mkono mmoja na tableti kwa mwingine. Askari wa getini ana orodha ya vitu visivyoruhusiwa, imebandikwa kwenye kibanda chake, na anaifuata. Naomba nifike na karatasi yangu.

Wenu katika kulea,
Mama wa mtoto wa P.2, fundi cherehani, Walukuba, Jinja.